Nguzo Mbili Zilizotolewa Jikoni

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Auckland. Jumanne, 14 Machi 2023.

Jina: Sinapati Moliga. Umri: miaka 46. Kabila: Msamoa. Kazi: dereva wa basi la jiji. Makazi: Grey Lynn, Auckland.

Ninaishi katika nyumba ya mbao tuliyoachiwa na wazazi, na mimi ndiye niliyeamua iongezwe badala ya kuuzwa. Mtaani kwetu Wasamoa karibu wote wameshauza na kuhamia kusini mwa jiji. Majirani wapya kila tukionana wananiuliza nitauza lini. Siuzi. Nilitaka paa lipandishwe, darini pawe ukumbi mmoja mpana usio na kuta, ukoo mzima ukae chini kwa pamoja kama tunavyokaa visiwani Samoa. Kazi hiyo nilimpa fundi Semisi Kaufusi, Mtonga wa visiwa vya Tonga, mwenye leseni. Ni kwa ajili yake nimekuja hapa.

Ili jiko na sebule viwe kitu kimoja, Semisi alibomoa ukuta wa katikati, na ukuta huo ndio uliokuwa umebeba sakafu ya darini. Mahali pake alisimamisha nguzo mbili za chuma za muda, tukisubiri boriti kubwa iletwe Jumatano. Nilikuwepo akizikaza. Nimejigonga nazo kichwa mara kadhaa nikipika, kwa hiyo asiniambie mtu kwamba hazikuwepo.

Mnamo Alhamisi tarehe 9, saa kumi na moja jioni, alikuja baba yangu mkubwa, Esera Moliga. Yeye ndiye mkuu wa ukoo wetu. Alisema wageni wanatoka Samoa, watapokelewa darini Jumapili. Semisi alimwambia, mbele yangu, kwamba pale juu hapaendi mtu zaidi ya mafundi mpaka boriti ikae.

Baba mkubwa alicheka. "Yaani dari la Mtonga linawaogopa Wasamoa?"

"Mzee wangu, lingekuwa na Watonga juu yake lingeogopa zaidi," Semisi akamjibu. "Ngojeni Jumatano tu."

Walicheka wote wawili, nami nikadhani yameisha.

Jumapili tarehe 12, tulipotoka kanisani, nilikuta watu wamejaa nyumbani. Baba mkubwa alikuwa jikoni. Alisema nguzo zile zinamtia aibu, wageni wataona wanapokelewa kwenye gereji, tena zinawazuia akina mama kupita na masinia. Alimwagiza mwanawe, Tavita, azitoe. Nikamwambia, "Baba, hizo zimeshika nyumba." Akasema, "Wewe endesha basi lako. Ukoo niachie mimi."

Nilitoka uani kumpigia Semisi. Simu yake ilikuwa imezimwa. Watonga Jumapili ni kanisa mpaka jioni, wala sikumlaumu. Niliporudi, nguzo hazipo na watu wameshapanda. Nilipanda nyuma yao nikiwa na nia ya kuwateremsha, nikakuta msemaji wa wageni ameshaanza hotuba.

Hapa naomba niandikwe vizuri. Kwetu, msemaji akianza, hakatizwi. Na wazee wakiwa wameketi, husimami wima mbele yao, hasa ukiwa mwanamke, ukiwa mtoto wa nyumba. Ukipita, unainama na kuomba radhi. Nimelelewa hivyo na nimewalea wanangu hivyo. Nikaketi karibu na ngazi. Watu walikuwa wanazidi sitini.

Ilikuwa kama saa saba na robo nilipohisi sakafu ikilalama chini yangu, kama basi langu abiria wakipita kiasi. Mkeka wa katikati ukaanza kubonyea. Nikasikia mbao zikilia mara mbili. Wengine nao walisikia, niliona macho yao, lakini hakuna aliyeinuka kwa sababu mgeni alikuwa anaongea.

Nilisimama wima katikati yao. Nikasema, "Hotuba basi. Shukeni wote, pole pole, walio pembeni kwanza."

Baba mkubwa hakunitazama. "Kaa chini, Sinapati. Unatuvunjia heshima."

Nikamwambia, "Nitaomba radhi chini. Shuka."

Niliogopa sana kumwambia vile, kuliko nilivyoiogopa sakafu. Mgeni ndiye aliyeinuka wa kwanza, Mungu ambariki, na wengine wakamfuata. Nilikuwa wa mwisho kwenye ngazi sakafu ilipokatika katikati. Shangazi yangu Lose alikuwa amerudi jikoni kuzima oveni bila sisi kujua. Boriti ya mbao ilimwangukia mguuni ukavunjika mahali pawili. Namshukuru Mungu hakufa.

Jioni hiyo, kwenye korido ya hospitali, baba mkubwa alitukusanya. Akasema jina la ukoo lisifike polisi, tuseme fundi hakuweka nguzo. Wote waliitikia kwa kichwa isipokuwa mimi. Semisi alifika baadaye kumjulia hali shangazi, akazuiwa mlangoni. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Dada, si uliziona?" Nikamjibu niliziona.

Nimesikia kwamba huenda akashtakiwa na kunyang'anywa leseni. Si haki. Nguzo ziko gerejini kwangu chini ya mikeka, alikozificha Tavita. Nendeni leo mkazione. Na nyumba hiyo itamalizika, ukumbi utakuwepo, na atakayeumaliza ni Semisi.

Nikiwa naandikisha haya, Tavita amefungua mlango. Amesema baba yake yuko nje, anauliza kama nimemtaja. Nimemjibu, "Mwambie nimemtaja, pamoja na cheo chake." Amesema basi nisihesabu tena kwamba nina ukoo. Nimemwomba afunge mlango.

Maneno haya ni yangu, sikulishwa na mtu, na nitayarudia mahakamani nikiitwa.

Sahihi: S. Moliga

Maelezo ya askari: Shahidi amesomewa maelezo yake, amekubali ni sahihi na hakutaka kubadilisha neno. Alipotoka alipita mbele ya Bw. Esera Moliga bila kusemeshwa. Dakika kumi hivi baadaye, Bw. Esera Moliga alikuja kaunta kuomba arudishiwe maelezo aliyoyaandikisha jana dhidi ya fundi. Nilimweleza kuwa hayarudishwi. Akaomba karatasi mpya ya maelezo.

Konstebo Ngaire Pohatu