Lazima Mbili za Mlango wa Lifti

Mdogo wangu Kidoti,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kile kikohozi kimekuacha. Sisi hapa hatujambo, ukiacha goti langu, ambalo siku hizi halina habari njema.

Asubuhi nilikupigia simu nikakuambia usipande lifti ya hospitali siku ya majaribio. Ulipotaka sababu nikasema nitaandika, ukacheka kwamba kaka hata nyumba ikiungua ataandika barua kwanza. Haya, ndiyo hii.

Ulinitumia kanuni alizotunga mkuu wako wa kazi kwa ajili ya programu ya lifti. Mojawapo inasema: "Lifti inapoondoka, lazima mlango umefungwa." Unakumbuka nilivyokufundisha mantiki ya lazima na huenda, wewe ukimenya viazi huku unanibishia? Tunachora kila hali ambayo mashine inaweza kuwamo, na mishale ya kutoka hali moja kwenda nyingine. Jambo lililo kweli katika kila hali inayofikika ni lazima. Lililo kweli japo katika moja ni huenda. Kompyuta huzipitia zote bila kupiga miayo, kazi asiyoiweza binadamu.

Lakini lazima ziko za aina nyingi. Nikisema lazima umefika nyumbani, nakisia. Nikisema lazima ufike nyumbani, naamuru. Mkuu wako alikusudia kuamuru, akaandika kama anayekisia. Nawe uliyeandika programu ukamsoma vivyo hivyo: ukachukulia kwamba mlango umeshafungwa, hukuweka kipimo cha kuuangalia. Hata kompyuta ilipokagua haikuzigusa hali za mlango wazi, kwa kuwa iliambiwa hazipo. Kwa hiyo huenda lifti ikaondoka mlango ukiwa wazi. Andikeni "lazima mlango ufungwe kwanza," kisha muiachie kompyuta itafute hali inayoivunja kanuni hiyo.

Sasa lililo gumu. Kosa hili nililiona siku ile ile kanuni zilipofika, wiki iliyopita, nikanyamaza. Tangu uanze kazi hapo, barua zako ni Mwalimu kasema hivi, Mwalimu kanionyesha vile. Mara ya kwanza nilisoma aya nzima nikitabasamu kabla ya kutambua kwamba Mwalimu huyo si mimi, ni mkuu wako. Basi nikataka lifti imwumbue mbele ya madaktari. Katika kila hali niliyoichora kichwani, yeye ndiye aliyesimama pale akitokwa jasho.

Jana nikamsimulia wifi yako, huku najichekea. Akauliza siku hiyo nani atakuwa ndani ya lifti. Nikamweleza, kwa utulivu wangu wote wa darasani, kwamba kwa desturi hupanda aliyeandika programu. Akaniuliza kama aliyeandika si wifi yake. Hapo nikaliona kosa langu mwenyewe. Nilikuwa nimeziacha hali zote zenye wewe ndani, mdogo wangu, kwa sababu ya wivu. Nisamehe ukiweza.

Mpelekee mkuu wako sahihisho hili, useme umeligundua mwenyewe. Usinitaje. Ukinitaja atanishukuru, nami nitalazimika kumpenda, na hilo bado sijawa tayari nalo.

Wifi yako anakusalimu sana, naye amenisimamia hadi neno hili la mwisho.

Ni mimi,
Kaka yako mkubwa