Jina Lililomshinda Mwami

Durban

Yaya Mapendo, dada yangu mpendwa,

Nakusalimu sana. Hapa sokoni Warwick kazi ya kusuka nywele iko, ila mvua ya wiki hii imetufukuza barazani. Watoto ni wazima.

Yaya, nimemwona Mwami, yule chifu wa kwetu aliyemchoma baba yetu na wenzake sita ndani ya nyumba kwa kukataa kumwachia mashamba. Anaishi hapa hapa Durban, mtaa wa South Beach, kwa binti yake. Amezeeka, anaogopa kulala. Binti alisikia kwamba naelewa ndoto, akaniita. Mzee hakunitambua.

"Mama, watu saba wanasimama mlangoni, hawasemi kitu. Wanataka nini?"

"Wanataka uwaite kwa majina," nikamjibu. "Ukiwataja wote, wataondoka."

Alitaja sita. Wa saba alimshinda. Akanishika mkono akilia. "Nisaidie, mama."

Jina la baba lilikuwa mdomoni mwangu. Nikavaa viatu, nikatoka.

Jana binti alinipigia simu. Mzee hali chakula, anatafuta jina kutwa nzima. Nikamwambia aendelee kutafuta.

Usiniombe nimsamehe. Mkumbatie mama.

Mdogo wako,
Huguette