Kumushibisha Mujomba Marcellin

Kabambare, tarehe 4 mwezi wa tano 2024

Mwanangu Clémentine,

Jambo sana. Huko Liège baridi imepungua? Sisi tuko wazima, ila goti langu linanisumbua wakati wa mvua.

Mudogo wako Sonia amepata muchumba, Dady wa Kasongo. Wazazi wake watakuja mwisho wa mwezi kuzungumuza mahari. Shida iko hapo. Tangu baba yenu afariki, musemaji wa familia ni kaka yangu Marcellin. Unakumbuka mahari ya dada yako Laura: alilewa lotoko, akafikiri tuko kwa kilio, akamupa baba ya bwana harusi pole ya kufiwa. Akalia mpaka wakwe nao wakalia.

Nasikia huko kwenye kazi yako ya utafiti munafanya panya waache pombe. Nitumie hiyo dawa. Nitaiweka mu mboga yake ya sombe, hataisikia.

Mama yako Léocadie

Liège, tarehe 11 mwezi wa tano

Mama mupenzi,

Pole ya goti. Mimi niko muzima. Baridi imeenda, mvua imebaki.

Dawa haitoki mu labo, Mama, na kumuwekea mutu dawa mu sombe ni kosa hata kama ni kaka yako. Kazi yetu iko hivi: tumbo likiwa tupu linatoa homoni inaitwa ghrelini, inapanda mpaka kwenye ubongo kuamusha hamu ya chakula. Kumbe inaamusha na hamu ya pombe. Tukiizuia, panya wengi wanakunywa kidogo tu. Lakini mutu si panya, na bado hatujui mengi. Mupe chakula cha kutosha mbele ya wageni kufika, umuambie na sababu. Kisha umuulize kwa nini anakunywa. Kuna mutu amewahi kumuuliza?

Mutoto wako Clémentine

Kabambare, tarehe 2 mwezi wa sita

Mwanangu,

Mungu anatulinda, goti limetulia. Kaa chini ndipo usome.

Sikumuambia Marcellin kitu kwanza. Toka asubuhi nilimupa bugali na samaki, kisha ndizi, kisha bugali tena. Akaniuliza kama daktari alisema atakufa. Ndipo nikamuambia ukweli: homoni, panya, mahari ya Laura. Akamaliza sahani. Jirani yetu Asani alipomuletea kikombe cha lotoko, akajibu kwamba tumboni hakuna nafasi.

Wakwe wakafika na pikipiki, matope mpaka kwenye nyusi. Marcellin akasimama, akashikilia kiti chake kwa nguvu. Hatukujua kwamba huyu mutu akiwa hajalewa iko na maswali. Aliuliza ukoo, kazi, magonjwa, mpaka chakula kikapoa. Mwisho akageukia Sonia, jambo ambalo sisi wote tulisahau kulifanya, akamuuliza: "Wewe mwenyewe, unamutaka?"

Sonia akajibu kwamba yeye anamutaka Dady, ila kukaa nyumba moja na mama mukwe hataki.

Nilitafuta pa kuficha uso. Mama ya Dady, Marguerite, akaweka sahani yake chini polepole.

"Hata mimi simutaki kwangu," akasema. "Ni Dady alisema ndiyo heshima."

Watu wote tukamuangalia Dady. Mbele ya jua kushuka alikuwa amekubali kujenga nyumba yake, na Sonia pamoja na Marguerite walikuwa wanachagua mahali, mbali kidogo.

Wageni walipolala, nilimuuliza Marcellin swali lako. Akasema: "Si njaa, Léocadie. Naogopaka kusema mbele ya watu. Lotoko ndiyo inasemaka pahali pangu."

Mama yako

Liège, tarehe 9 mwezi wa sita

Mama,

Salamu kwa wote, na pongezi kwa Sonia. Nilicheka mu labo mpaka wenzangu wakaja kuangalia. Nikamusimulia mukubwa wetu. Aliuliza Mujomba alikula bugali ya kiasi gani. Nikamujibu kwamba panya wetu hawajawahi kulazimishwa kusema mbele ya wakwe.

Mujomba anaendelea namna gani?

Mutoto wako

Kabambare, tarehe 20 mwezi wa saba

Mwanangu,

Tuko wazima, na wewe ule vizuri. Sasa hata familia zingine zinamuita Marcellin awasemee. Anakubali, lakini lazima apite kwangu kula kwanza. Mihogo yangu inaisha.

Sitakudanganya, siku zingine anakunywa. Zamani akilewa alikuwa anajificha kwa Asani mpaka tumutafute. Jumatatu hii alikuja mwenyewe asubuhi, macho mekundu, akakaa karibu na moto.

"Jana nimeshindwa," akasema.

Sikumuhubiria. Niliteleka maji ya bugali, akasogeza kuni.

Mama yako