Walioweka Tiki Tu

3 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Mgongo wa Mama unaendeleaje? Mimi mzima, ila huku ugenini simu zetu wafanyakazi bado zimefungiwa kabatini kwa Meneja, pamoja na pasipoti. Barua hii inatoka na mpishi anapokwenda sokoni.

Nimepewa kazi ya kutengeneza ukurasa wa mikataba, maana ofisi kuu inataka majibu ya wafanyakazi wenyewe. Anayetaka kuongeza mwaka anaweka tiki kwenye kisanduku, asiyetaka anakiacha. Kwenye JavaScript, lugha ya kompyuta ninayoandikia ukurasa, kuna neno, :checked, linalookota vilivyowekwa tiki tu. Jana Meneja akaniinamia begani. “Lifute. Okota vyote.”

“Bosi, si hata aliyekataa ataonekana amekubali?”

“Shughulika na yako. Ukimaliza, pasipoti yako hii hapa.”

Nifanyeje?

Mdogo wako

19 Machi

Mdogo wangu kipenzi,

Marahaba. Hatujambo, Mama anainuka mwenyewe sasa. Nisikufiche: lifute, urudi. Hao wengine si ndugu zako. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie ukishafika.

Dada yako

6 Aprili

Dada,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia Mama anainuka.

Nililifuta lile neno. Meneja akajaribu ukurasa, akaridhika. Tukiwa tunakula bwenini, mpishi akaniuliza, “Nikikiacha wazi, nitakwenda kumwona mwanangu, si ndiyo?” Asubuhi, kabla hawajaanza kujaza, nikalirudisha.

Majibu yalikwenda moja kwa moja ofisi kuu, nayo ikaagiza wasioweka tiki warudishwe kwao. Mpishi anaondoka leo na barua hii. Mimi pia sikuweka tiki, lakini Meneja anasema pasipoti yangu haionekani. Amenihamishia chumba cha nyuma. Dirisha lake halifunguki.

Usinikasirikie.

Mdogo wako

2 Mei

Mdogo wangu,

Hujambo huko ndani? Mpishi amefika. Mama alimshika mikono asitake kumwachia, nami nilishindwa kumtazama mpishi usoni. Tumekwenda naye ofisi ya kazi, ameeleza yote. Wameandika, wakasema tusubiri. Nijibu, hata mstari mmoja.

Dada yako

30 Mei

Mdogo wangu,

U hali gani? Barua yangu imerudi bila kufunguliwa. Juu yake wameandika: hayupo.

Mama anauliza, na hapa nyumbani hujafika. Uko wapi?

Dada yako