Dirisha Ulilolizima

Mpenzi wangu wa zamani,

Nakuandikia hadharani kwa sababu faraghani hukuwahi kusikia. Jumamosi ulinialika kitongoji cha Katy, huku huku ughaibuni, kwenye nyumba yako mpya, ukaniomba nije na sufuria ya pilau. Nikaja, nikiamini utatangaza harusi yetu. Badala yake ukamshika mkono binti aliyetua kutoka Dar wiki ile, ukasema ndiye mkeo mtarajiwa. Kisha ukanigeukia: "Na huyu ni dada yangu." Dada! Tangu lini?

Unakumbuka 2017, zile siku za kiingilio cha bure, tulivyokuwa tukitoka mtaani kwetu Sharpstown kwa basi kwenda makumbusho kutazama picha za Kijapani, zile zinazochapwa kwa vibao vya mbao? Wewe ulifuata kiyoyozi. Mimi nilifuata usiku: daraja kwenye mvua, mlima chini ya mwezi, kijiji kimelala kwenye theluji na dirisha moja linawaka. Nilikueleza kwamba mwanga ule haukupakwa rangi. Mchongaji hukichimba kibao mahali pale ili wino usifike, karatasi ikabaki nyeupe, na weupe huo ndio taa. Ukapiga miayo. "Babe, kwa hiyo hawa jamaa wali-save wino?" Nikacheka. Mapenzi hayana macho, bwana.

Nikaenda hadi darasa la kuchonga. Nikachonga usiku wetu: ghorofa za Sharpstown, maegesho yamejaa maji ya mvua, juu bluu iliyokolea, ikififia kuelekea chini kwa sababu niliipangusa kibaoni kwa mkono, kama wanavyofanya wao. Dirisha moja tu nililiacha jeupe. Langu. Lile ulilokuwa ukilitazama ukiwa garini, umetoka kazini, ukinipigia simu: "Usizime taa, nakuja." Nilikupa picha ile siku uliponunua nyumba, uitundike sebuleni kwetu.

Basi Jumamosi nikaiona ukutani. Dirisha limejazwa bluu kwa kalamu ya wino, tena imevuka mstari. Ukawaambia wageni, "Dada ali-miss hapo kidogo, so nika-touch up." Wakakupongeza! Na mbele yao ukaniagiza nyingine, ya ukuta wa pili.

Asiyejua maana haambiwi maana, lakini wewe nakuambia, maana nimechoka kukustahi. Hapakuwa na kasoro. Ulizima taa uliyokuwa ukiniomba nisiizime, ukajisifu. Kunitupa kwa ajili ya mwingine ningekulilia, nikapoa. Hili sikulilii, nakudharau. Ulikaa na ile picha ukutani usijue nani yuko ndani ya dirisha. Yule binti namhurumia kwa moyo wangu wote. Naye siku moja atakuachia nafasi nyeupe uione, nawe utatafuta kalamu.

Picha nyingine hupati. Hiyo uliyonayo kaa nayo, inakufaa. Sufuria yangu irudi, na irudi imeoshwa.

Kibao bado ninacho. Jana nimekipaka wino upya, nikalaza karatasi, nikaisugua, nikaibandua. Usiku umetoka bluu tupu, mvua yake, maegesho yake. Na dirisha langu linawaka.

Kwaheri,
Mimi, niliyekuja mchumba nikaondoka dada.