Matone ya Dada Asha

Mjukuu wangu Khamis,

Assalaam alaykum. Sisi hapa Jadida wazima, Alhamdulillahi. Babu yako kikohozi kimempungua, na mama yako mdogo kajifungua mtoto wa kike.

Umeniuliza kama uache hiyo dawa ya kuvu ya jicho, kwa kuwa inakuchoma na huoni nafuu. Nami nimemkumbuka dada yangu Asha.

Tulikuwa wasichana, tukichuma karafuu Shumba, kijiti kikamchoma jichoni. Jicho likawa jekundu, kisha likafanya doa jeupe. Jirani alileta dawa yake ya macho, lakini mama alikataa, akampeleka Asha hospitali.

"Limeingia kuvu," daktari akasema. "Mtieni matone haya kila saa, na msiache mpaka niseme mimi."

Mama ndiye aliyemtia, mchana na usiku. Asha akilia, "Mama, basi. Yanachoma, na giza ni lile lile."

"Najua, mwanangu. Tazama juu."

Hakumwambia kuwa atapona, maana mwenyewe hakujua.

Wiki nyingi zikapita. Asubuhi moja Asha alifumba jicho zima, akamtazama mama kwa lile bovu.

"Mama, mbona umekonda hivyo?"

Mama akacheka, kisha akajifunika uso kwa kanga.

Nadhani jicho lilikuwa likipona siku zote zile, ila pole pole mno hata hatukutambua.

Mweleze daktari wako dawa inavyokuchoma, usiache kwa shauri lako. Na huko Morogoro nani anakutia matone? Kama huna mtu, nambie, nipande boti nije.

Bibi yako,
Mkasi