Wamebaki Kunisubiri Mimi

Jumanne, 4 Machi

Wazee wa kanisa wamekuja wote, wamejipanga sebuleni kama watu wa msiba. Mume wangu kawapokea vizuri, kawauliza hali. Halafu kawauliza tena. Mwenye bucha, ndiye mwenyekiti wetu, akasema hakuna kupiga kura. Kila mmoja aombe, asikilize, Ijumaa ya wiki ijayo tuseme tulichosikia. Kwetu ndivyo ilivyo: hatuamui mpaka wote tuwe kitu kimoja.

Na mimi ni mzee wa kanisa. Kwa hiyo nami nimwulize Mungu kama mume wangu aendelee kuwa mchungaji. Mwenye bucha amezoea kukata mwenyewe — safari hii kisu kanishikisha mimi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeomba. Kimya. Nimeshinda kwenye cherehani na sare za shule, mkono unakwenda, moyo umekaa. Mchungaji akaja kuulizia chai. Alikuwa ameshakunywa. Nikampa nyingine.

Jumapili, 9 Machi

Mume wangu kambatiza mtoto mmoja mara mbili. Mama mtu alikuwa anarudi kukaa, akamwita: mlete mtoto, binti yangu. Akamleta, angefanyaje? Watu wakatazama sakafu. Hakuna aliyecheka — afadhali wangecheka. Kwaya ikadakia wimbo kufunika aibu.

Nyumbani akaniambia ibada ya leo ilikuwa nzuri. Nikasema nzuri sana.

Jumatano, 12 Machi

Muuguzi kapita kibandani kwangu, kisingizio gauni la kupunguza kiuno. Naye ni mzee wa kanisa, na ni rafiki yangu tangu usichana. Akasema wenzetu wote wameshasikia jambo moja.

"Wamelisikia lini, na kikao bado?"

Akachezea tepu yangu ya kupimia. "Dada, hakuna anayetaka kukuburuza. Tutakusubiri hata mwezi."

Hapo ndipo nilipojua nimenaswa. Wangepiga kura ningewachukia, yakaisha. Sasa wananipenda na wananisubiri. Nitakimbilia wapi? Na hicho walichokisikia ni Roho, au ni macho yao tu, kama yangu? Hata mimi naona. Kuona si kusikia.

Ijumaa, 14 Machi

Tumekutana chumba cha nyuma, panapowekwa viti vibovu. Mume wangu naye walimwita aje, maana ni haki yake. Alikaa ubavuni kwangu. Kisha kila mmoja akasema, kwa zamu, kwa upole, habari za mtu aliyekuwa pale pale. Muuguzi alilia.

Ikafika kwangu. Mume wangu akaniinamia, akanong'ona: "Mama, sema alichokupa Mungu. Usiogope watu." Ndivyo alivyotufundisha sote, miaka yote. Hakujua anayejadiliwa ni nani.

Sikupewa kitu. Hata neno. Nikasema nimekubali.

Wakaitika amina, yeye kwa sauti kubwa kuliko wote. Mwenye bucha akamwomba afunge kwa sala. Akasali bila kukwama popote, kama zamani. Akamwombea huyo mtumishi anayepumzishwa. Akamwombea na mke wake, Bwana amtie nguvu, kwa kuwa mzigo sasa ni wake. Mwenye bucha alishindwa kuinua uso.

Kwa hiyo tumekuwa kitu kimoja. Wananiambia Mungu amesema. Mimi nilisikia sauti yangu mwenyewe tu.

Jumapili, 16 Machi

Leo anahubiri mgeni. Nimemkuta mume wangu sebuleni, keshavaa kanzu, kachana nywele. Nikamweleza. Akakaa kama aliyepigwa, akauliza nani kaamua. Nikasema kanisa. Baada ya chai akasimama, anatafuta Biblia. Nikamweleza upya — na upya ikamwuma vilevile. Nani kaamua? Nikasema wazee.

Naandika hapa mezani ili nisimtazame. Kengele ya kwanza imelia. Kasimama mbele yangu, kola imemshinda kufunga, vidole havimtii. Kainua kidevu chake nimfungie.

"Fanya haraka, mama. Watu wanatusubiri."